Nyuso za Mstari Mweupe

Kama hujawahi kupaka rangi nyeupe juu ya nyekundu, acha nikwambie: nyekundu haifi. Ile ya mabango hasa ina ukaidi. Utaifunika leo, utaondoka umeridhika, na baada ya siku nne tano inachungulia, kwanza kivuli tu, kisha mstari wenyewe. Dawa yake ni moja, upige vanishi katikati ya rangi hizo mbili na uiache ikauke. Mama Brashi, aliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya mji, alilijua hilo tangu hajaolewa. Bintiye naye alilijua, maana alijifunza kutambaa katikati ya makopo ya rangi.

Ukumbi wa mji uliwaita wachoraji, kila mmoja aichore bendera ya taifa kwa namna yake. Mmoja aliipanga kwa vizibo vya soda. Mwingine akaichora imeanikwa kambani baina ya mashati ya watoto, watu wakacheka wakapita. Mama Brashi akaichora kubwa, ubao wa ukuta mzima, na ndani ya mstari mweupe akachora kwa mistari myembamba ya rangi nyekundu nyuso kumi na tisa. Ni wale vijana waliopigwa risasi kwenye maandamano. Picha zao aliletewa na bintiye, ambaye siku ile alikimbia pamoja nao, yeye akafika nyumbani.

Kwa mbali ulikuwa mstari mweupe tu. Ukisogea, unatazamwa.

Mshona nguo wa jirani alisogea, akamkuta mwanawe, wa tatu kutoka kushoto. Hakupiga kelele. Kesho yake alirudi na kigoda chake, akakaa mbele ya mchoro mpaka ukumbi ukafungwa. Mwanawe hana kaburi; mwili haukupatikana hadi leo, na wanaojua ulipo hawaulizwi.

Siku ya tatu binti akakamatwa. Afande, mkuu wa kituo, akaja mwenyewe karakana, mpole, akakaa juu ya debe la rangi bila kukaribishwa.

"Mama, bendera yetu ina mstari mweupe. Urudishe uwe mweupe. Ijumaa utakula na mwanao."

"Na nikikataa?"

"Utakula peke yako."

Akasimama, akajikung'uta suruali, akaongeza kwamba kikija kuonekana chochote pale baadaye, binti atafuatwa tena, na safari hiyo hakutakuwa na Ijumaa.

Jamani, mtu afanye nini? Angeweza kupaka nyeupe tupu akaenda zake, akaiachia nyekundu ifanye kazi yake. Alisimama mbele ya ubao na kopo la vanishi mkononi akiiwaza njia hiyo. Kisha akajikaza kisabuni, akapiga vanishi mkono wa kwanza. Ikakauka, akapiga wa pili. Yule wa tatu kutoka kushoto alimwacha mwisho, na alipomfikia alilia bila kujificha. Nyeupe ikafuata.

Ijumaa binti alirudi amekonda, vidole viwili havina kucha. Mama akamkumbatia, akamnusa shingo kama alivyokuwa akimnusa alipokuwa mchanga.

"Mama," binti akanong'ona, "tuliposikia umezifunika nyuso, wenzangu mahabusu nimewaambia wangoje siku tano. Nimesema mama yangu anajua rangi. Na hapo njiani nimemwambia mama mshonaji, maana nimemkuta amekaa tu, hali hanywi."

Macho yakamponyoka Mama Brashi, yakaenda rafuni kwenye kopo la vanishi. Binti akayafuata. Akalishusha lile kopo, akalitikisa. Lilikuwa tupu.

Hakumlaumu. Afadhali angemlaumu, mama angepata pa kujitetea. Alilirudisha kopo mahali pake, akaenda kuoga.

Siku ya tano ikapita, ya kumi ikapita. Mshona nguo bado anabeba kigoda chake kila asubuhi. Walinzi wa ukumbi wamemzoea, mwanamke anayeshinda akiitazama bendera, wanamsifu kwa uzalendo. Jioni hupitia karakana.

"Leo nimeona kama nyusi," alisema juzi. "Pale kushoto. Nyembamba, lakini nimeiona."

Binti aliinamisha kichwa, akaendelea kuosha brashi. Mama Brashi alikuwa na jibu moja la kweli, nalo lilikuwa rafuni, lile kopo tupu.

"Kesho sogea karibu zaidi, dada yangu," akamwambia.