Mkia Uliofagia Kushoto

Delmar Hruska hakusikia kishindo. Alisikia mlio mkavu, kama wa ganda la yai linalopondwa chini ya kisigino, kisha usukani ukatetemeka mikononi mwake na kahawa ikamwagika juu ya paja. Moyo ulijua kabla ya macho. Alivuta breki za upepo, akabaki ameketi, lori likiwa limeanza kutoka maegeshoni mwa kituo cha malori alikolala, likikata kulia, akatazama mbele, kwenye tambarare ya Nebraska ambako jua la asubuhi lilikuwa limeanza kuchoma. Hakutaka kutazama kioo cha pembeni. Alipotazama, aliona pembe ya nyuma ya trela lake imezama katika boneti ya lori lililoegeshwa kushoto kwake, nayo taa ya lori hilo inaning'inia kwa waya mmoja.

Mwaka ule alikuwa amekwisha kugonga mara mbili: nguzo ya taa huko Joliet, na kioo cha mwenzake huko Laramie. Bwana Kessler, mkuu wa usalama wa kampuni yao, mtu ambaye Delmar hakupata kuonana naye ila kwa sauti ya simu, alimwambia bila kuficha kwamba kosa la tatu likitokea arudishe funguo. Na dereva wa umri wa Delmar akifukuzwa kwa kugonga, hapokelewi kwingine. Hubaki barazani kwake akisikiliza malori ya wenzake yakipita barabara kuu, mpaka masikio nayo yamwache.

Mlango wa lori lililogongwa ulifunguka kwa kishindo. Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, malapa miguuni na kitambaa kichwani, na jina lake lilikuwa limeandikwa mlangoni kwa rangi ya dhahabu: Twyla Bergstrom. Lori lilikuwa mali yake mwenyewe, si la kampuni. Alilitazama lile tundu kama mtu anayemtazama mtoto wake aliyepigwa na jirani.

"Umelala, mzee, au umekufa?"

Delmar alishuka taratibu. Hakuomba radhi, kwa kuwa kuomba radhi ni kukiri, na Kessler alikwisha kuwausia madereva wake wote wasikiri lolote. Badala yake alinyoosha kidole chini, kwenye mstari mweupe wa maegesho, ambapo pua ya lori la Twyla ilikuwa imechomoza kwa kadiri ya shubiri mbili.

"Pua yako iko nje, bibie. Ungeegesha kama watu, nisingekugusa."

"Bibie ni huyo aliyekosea akaolewa na wewe. Mimi niite dereva."

Ilikuwa kweli pua imetoka, na ilikuwa kweli pia kwamba nafasi za kituo kile zilichorwa zama za malori mafupi, wala hapana mtu aliyeweza kuingia asiache kitu nje. Twyla alimwambia hayo, na mengine yasiyoandikika. Madereva waliokuwa wakirudi na vifungua kinywa vyao walisimama kutazama. Redioni, ambako madereva husemezana wakiwa wamejificha nyuma ya vioo vyao, mmoja alishauri mzee yule apewe baiskeli. Mwingine akajibu kuwa baiskeli nayo ina nyuma, ataua mtu. Kicheko kilipokezanwa safu hadi safu. Delmar aliyasikia yote kupitia mlango wake uliokuwa wazi, na kila neno lilimwingia kama mwiba.

Twyla alimtaka amwite msimamizi wa kituo. Delmar akakataa, akasema mwenye shida ndiye huenda. Mwanamke akatema mate chini karibu na kiatu cha Delmar, kisha akaenda mwenyewe kwa hatua ndefu, malapa yakipiga lami kama makofi. Hasira zilimsahaulisha kupiga picha. Simu yake aliiacha kitandani ndani ya lori.

Watazamaji walitawanyika, kwani saa za dereva hazimngojei. Delmar alibaki peke yake kati ya trela lake na lori la Twyla, katika ujia mwembamba wenye kivuli. Hapo ndipo alipoinama, akayaona magurudumu ya trela lake.

Yalikuwa mbele.

Magurudumu ya trela kama lile husogezwa mbele au nyuma juu ya reli, kisha hufungwa kwa pini. Kwa majuma mengi alikuwa akibeba mizigo myepesi, magurudumu akiyaweka mwisho wa nyuma wa reli zake, mahali ambapo mkia wa trela, sehemu inayobaki nyuma ya magurudumu, huwa mfupi na dereva huweza kukata kona bila ya kuuwaza. Lakini jana alipakia nyama ya ng'ombe. Alipopima kwenye mizani ya kituo, uzito ulikuwa umelalia kichwa cha lori kupita sheria, naye akayasogeza magurudumu mbele ili trela libebe sehemu yake, akapima tena, ikawa sawa. Akalala. Kulipokucha mikono yake iliendesha lori la juma lililopita. Magurudumu yakiwa mbele, mkia nyuma huwa mrefu, na mkia mrefu hufagia: ukikata kulia, wenyewe huenda kushoto. Hata mwanagenzi alijua hilo. Pua ya Twyla ingeweza kutoka shubiri nne, bado kosa lingekuwa lake Delmar.

Alitazama huku na huku. Mpini wa kufungulia pini za magurudumu ulikuwa upande ule ule wa kushoto, umefichwa na lori la Twyla. Mkono wake ulitangulia, akili ikafuata. Aliuvuta, pini zikachomoka. Akapanda, akafunga breki za trela peke yake, akasogeza kichwa mbele taratibu. Magurudumu yalisimama pale pale, na sanduku la trela likateleza juu yake, likijichomoa katika boneti iliyovunjika. Mtu mmoja alipochungulia kutoka dirishani, Delmar alimwambia kwamba anamwondolea mwenzake mzigo, asije akamharibia zaidi. Pini zikarudi mahali pake. Sasa magurudumu yalikuwa nyuma kabisa, mkia mfupi, na kilichosalia cha kutazamwa kilikuwa pua ya Twyla juu ya mstari.

Alipiga picha zake kwa utulivu wa mtu anayepiga picha za harusi, akazituma. Msimamizi alipofika na Twyla, Delmar alikuwa akizungumza na Kessler. Msimamizi alisema hapa ni kiwanja cha mtu binafsi, polisi wakija hawatahukumu, madereva watabadilishana tu majina na bima. Akaandika alichoandika, akaondoka. Naye Kessler, baada ya kuzitazama picha, alisema kwa sauti yake isiyo na joto wala baridi kwamba mwenye lori lile alitoka nje ya mstari, na kwamba Delmar aendelee na safari. Si kosa lake.

Delmar alikata simu. Kazi yake ilikuwa salama.

"Bima yako ndiyo itakayokutengenezea," akamwambia Twyla. "Siku nyingine jifunze kuegesha."

Boneti ile isipotengenezwa, Twyla hapati mzigo. Na bima yake ikilipa kwa kosa lisilo lake, mwakani itamnyonya mpaka auze lori. Alikuwa ameinama, viganja juu ya magoti, akitazama chini ya trela la Delmar. Reli zilikuwa zimefunikwa na vumbi jeusi la barabara, isipokuwa kipande kimoja, mbele, kilichong'aa kama kisu kilichotoka kunolewa. Alikigusa. Akakitazama kidole chake.

"Umeyarudisha," akasema polepole. "Nimekwenda kumwita mtu, wewe umeyarudisha."

"Yalikuwa hapo tangu jana."

"Jana?" Sauti ilitoka upande wa pili. Alikuwa Ozell, dereva wa Mississippi aliyelala safu ya mbele, taulo begani, ametoka kuoga. "Jana nilikuwa nyuma yako mizanini, dereva. Nilikungoja uyasogeze mbele mpaka chakula changu kikapoa."

"Niliyarudisha baadaye," Delmar akasema. "Usiku. Kabla ya kulala."

Hakuna aliyemcheka. Ozell aliinua nyusi zake, akajifuta shingo. Lakini Twyla alinyooka, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu, tabasamu lisilo na huruma hata chembe.

"Vizuri," akasema. "Basi nenda. Mizani ya serikali iko wazi, redio imesema. Hakuna pa kuchepukia kabla yake. Nenda na nyama yako hivyo hivyo."

Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Ile ya Delmar ilikuwa maili mbili, mpaka mizani ya serikali. Alipanda, akafunga mlango, akashika usukani, asiende. Akipita mizanini vile, uzito utamshitaki, watamsimamisha kando, na Kessler atauliza mzigo uliopimwa ukawa sawa jana umeharibikaje leo. Akiyasogeza magurudumu hapa, atakuwa ameungama mbele ya watu. Alifikiri kungoja mpaka mwanamke achoke. Mwanamke alichukua simu yake kutoka kitandani, akaketi juu ya ngazi ya lori lake, akaielekeza kwake. Nyama ilingojewa Omaha. Jua lilipanda. Redioni hapakuwa na mzaha tena, na ukimya ule ulimuuma kuliko dhihaka.

Hatimaye alisogeza lori mpaka uwazi wa njia, akashuka, akaushika mpini. Safari hii haukutoka. Pini zilikuwa zimebana, na pini zikibana hutakiwa watu wawili: mmoja auvute mpini na kuushikilia, mwingine atikise lori mbele na nyuma mpaka ziachie. Ni ada ya madereva tangu yalipokuwako malori kwamba ukimwona mtu anashindana na pini, unashuka kumsaidia, umjue usimjue. Delmar alivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Akageuka. Nyuso zilikuwa nyuma ya vioo, kila kioo na uso wake, wala hakuna mlango uliofunguka. Ozell alijitupia taulo begani upya, akaenda zake.

Delmar aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa trela. Kisha akasikia malapa.

Twyla alimsukuma kando kwa bega. Aliushika mpini kwa mkono wa kulia, akauvuta, akautilia uzito wake wote. Mkono wa kushoto ulishikilia simu juu, ikiyarekodi magurudumu.

"Panda," akasema. "Rudi nyuma taratibu, dereva. Nimekushikia."