Jina Lililokuwa Njiani

Mtoto alinyamaza nilipotaja jina la mtu aliye hai.

Kabla ya hapo alikuwa amelia siku kumi na tisa. Ilikuwa mwaka 1998, Guangzhou. Daktari alimpima masikio, tumbo na damu, akasema ni mzima. Lakini hakunyonya ila kidogo, na ngozi ya mapaja yake ilikuwa imelegea kama soksi. Mama yake, Anastazia, mfanyabiashara wa nguo aliyepanga chumba jirani na changu pale Xiaobei, hakubishana na daktari. Kwao, mtoto mzima anayelia hivyo analilia jina. Kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena, na wa kumtambua ni bibi mzaa baba.

Mkwewe, Bibi Gaudiosa, aliyebaki nyumbani, alikataa kulitaja kwenye simu. “Jina halipiti kwenye waya,” alisema. Aliliandika, akalifunga pamoja na shanga za kiuno, akalituma kwa kifurushi cha haraka. Siku tano, posta walimwahidi.

Mimi nilikuwa mwanafunzi, mwoga wa watu, ila Kichina nilikijua. Basi kila asubuhi nilisimama na Anastazia kwenye dirisha la posta. Karani alipitisha kidole kwenye daftari. “Mingtian,” alisema. Kesho. Siku ya kumi na mbili alimtazama mtoto. “Huyu anatudai kwa sauti kubwa kuliko nyinyi.”

Nikatafsiri.

“Mwambie ashike zamu ya kumbeba, basi,” Anastazia akajibu.

Karani akacheka. Nasi tukacheka. Mtoto akaendelea kulia.

Alasiri moja ya mvua Anastazia alinipa mtoto ili akaoge. Nilikuwa nimechoka. Nikaanza kumnong'oneza kila jina la kike nililolijua, kama mtu anayejaribu funguo mlangoni kwa wenyewe. Blessing. Martina. Herieth, langu mwenyewe. Gaudiosa.

Kimya kilikuja ghafla, hata nikasikia maji yakikoma bafuni. Mtoto alinitazama taratibu, kama mtu mzima anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Anastazia alitoka na kanga kifuani, matone yakidondoka. “Umemwitaje?”

Nikamwambia.

“Usirudie, mdogo wangu. Huyo yuko hai.”

Mtoto akanyonya mpaka akalala.

Kesho yake kifurushi kilifika. Ndani mlikuwa na shanga nyeupe na karatasi ya daftari, mwandiko wa bibi ukipanda mlima: *Ni Martina, dada yangu.* Anastazia alimvalisha shanga, akamwita Martina mara tatu. Mtoto akalia mpaka akakosa pumzi. Mpaka leo huwa nawaza: kama posta ingetimiza zile siku tano, angeitikia?

Anastazia aliinama sikioni mwake, akasema lile jingine. Kikawa kimya.

Tulishuka hadi duka la simu kumpigia bibi, mtoto amelala mgongoni. Zamu yetu ilipofika, Anastazia alimpisha mwanamume aliyekuwa nyuma yetu. Kisha akampisha na mwingine.