Ngozi Haijaletwa

Akida Zaidi alifika Chimeli asubuhi, wakati Zipora anasuuza kibuyu cha maziwa na mwanawe Matonya anafungua zizi. Alikuja na askari wawili, mwavuli, na koo lililokauka, kwa hiyo kabla ya habari yoyote alipewa maziwa. Akayamaliza. Watu wa Chimeli walimpenda Zaidi. Alikuwa mtu wa mjini Dodoma, mjukuu wa watu wa misafara, lakini alijua kuamkia kwa Kigogo, na hakuwahi kumpiga mtu mzima mbele ya watoto wake. Kwa akida wa enzi ya Mdachi, hilo si dogo.

"Serikali ina vita na Mwingereza," alisema watu walipokusanyika. "Askari wanataka kula. Serikali haichukui ng'ombe, inakopa. Vita ikiisha, kila mtu na wake."

Mzee Sila, jirani yake Zipora, akatema mate pembeni.

Hapo Zaidi akapata la kusema, na maskini, alilipata kwa nia njema kabisa. "Jamani, si ndivyo mnavyofanya wenyewe? Mtu anaweka ng'ombe wake kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wa mwenyewe. Basi safari hii rafiki ni Serikali."

Afadhali angefunga mdomo. Huku kwetu kuweka ng'ombe kwa rafiki ni jambo zito. Anayempokea anakuwa ndugu. Ng'ombe akizaa, ndama ni wa mwenyewe. Akifa, awe ameliwa na simba au ameanguka korongoni, rafiki analeta ngozi, mwenyewe aione alama ya sikio kwa macho yake, ndipo yaishe. Ngozi isipoletwa, ng'ombe hajafa. Hilo halina mjadala.

"Mdhamini nani?" aliuliza Sila.

"Mimi."

"Haya. Serikali hatuijui. Wewe tunakujua."

Wakatoa. Zipora alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja, mwekundu, sikio la kushoto limechanjwa kama mkia wa mbayuwayu. Akamtoa. Akapewa karatasi ya deni yenye picha ya ndege mkubwa, akaichomeka kwenye fito za dari. Serikali ikataka na watu wa kuwaswaga ng'ombe mpaka Kilosa, na Matonya akasema atakwenda, maana ni desturi mwenye ng'ombe kutuma mtu akaone anapolala ng'ombe wake. Zipora akamfungia karanga na unga wa uwele.

"Nitarudi naye, mama."

"Rudi wewe," alisema Zipora. "Yeye ana miguu minne."

Mvua za mwaka ule zikagoma. Uwele ulikauka ungali na urefu wa goti, na watu wakaanza kula mlenda bila ugali. Jioni moja, jua likiwa limeinama, ng'ombe wakarudi.

Walirudi kwa njia yao ileile, mmoja nyuma ya mwenzake, ila walikuwa vivuli tu. Juu ya vivuli hapakuwa na ng'ombe. Vilitambaa juu ya mchanga, virefu, vikageuka kila kimoja kwenye tembe lake, na vumbi halikutimka. Zipora aliona kivuli chenye sikio lililochanjwa kimesimama kwenye kizingiti cha zizi. Akaondoa miti ya mlango, maana ng'ombe akirudi hufunguliwa.

Sila alikuja kuangalia. "Wameliwa," alisema.

"Ngozi haijaletwa."

"Haijaletwa. Basi ulitaka waende wapi?"

Akarudi kwake kufungua zizi. Mkewe alijaribu kukamua. Hakupata kitu, na mikono yake ilikuwa ya baridi mpaka kesho yake mchana, akaacha. Giza lilipoingia vivuli viliyeyuka, na jioni iliyofuata vikarudi. Watoto walizoea kuviruka.

Haukupita muda, kwa Sila vivuli vya ng'ombe vikaja na kivuli cha mtu nyuma yao, fimbo begani. Sila aliitambua fimbo. Alikuwa mdogo wake, naye alikwenda Kilosa. Baadaye mpagazi mmoja aliyetoroka alipita akasimulia kwamba huko Kilosa waswagaji wote walibebeshwa mizigo ya askari, na mtu yule alikufa kwa kuhara, akaachwa kando ya njia. Sila alimsikiliza kwa adabu, akamwambia tunajua, alikwisha kufika.

Tangu siku hiyo Zipora akaogopa jioni. Jua likianza kushuka alisimama kwenye kizingiti, akatazama njia. Ng'ombe akija peke yake, Matonya yu hai. Alimpenda yule ng'ombe kwa kuja peke yake kuliko alivyompenda kwa maziwa.

Mwishowe akaona kusubiri ni ujinga, akaenda Dodoma kwa miguu. Alimkuta Zaidi barazani kwake, anabishana na mwenye duka aliyekataa noti zake.

"Bwana akida," alisema Zipora, "ng'ombe kaeni naye. Na ngozi nimewasamehe. Nirudishieni mtoto."

Zaidi alivaa kanzu safi akaingia bomani. Zipora akamngoja juani. Zaidi alipotoka alikuwa anatazama chini.

"Bwana mkubwa anasema Serikali hailipi nusunusu. Vita ikiisha itarudisha vyote pamoja, watu na ng'ombe."

"Umemwambia wewe ndiye mdhamini?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Alicheka, mama." Akatoa zile noti akampa. Zipora akamrudishia. "Hata mshahara wangu ni karatasi," alisema Zaidi.

Zipora alipofika nyumbani akamweleza Sila. Sila akasema kukopa harusi, kulipa matanga, na huyu bwana mkubwa hata matanga hataki kuyaona.

Jioni yake ng'ombe akaja, na nyuma yake Matonya.

Zipora alimjua kwa mguu wa kulia, uliovunjika utotoni ukaunga vibaya. Kivuli kilikuwa kimebeba sanduku kichwani, mikono yote miwili juu, shingo imezama mabegani. Zipora alilia kwa sauti, na Chimeli nzima ikasikia, na hakuna aliyekuja kuuliza kuna nini. Kisha akajifuta, akakoroga uji wa unga uliobaki, akauweka chini ya ukuta pale kivuli kiliposimama.

Kivuli hakikuketi. Kwetu mtu akija na mzigo hatuanzi na salamu, tunamtua kwanza. Zipora akanyoosha mikono kulishika lile sanduku, akagusa udongo wa ukuta, wenye joto la jua. Akajaribu upande wa pili. "Mwanangu, tua," alisema. Lakini mzigo ulikuwa wa Serikali, na Serikali haikuwa imesema tua. Kila jioni alirudi nao, na kila jioni Zipora alinyoosha mikono.

Siku moja treni zikaacha kupita. Bwana mkubwa wa boma akaondoka na watu wake kuelekea kusini, na mizinga ya Mwingereza ikasikika upande wa Kondoa. Zaidi akaja Chimeli bila askari na bila mwavuli, jua likiwa linashuka.

"Mama Matonya, Serikali imeondoka."

"Na deni?"

"Wanaokuja wanasema hawalijui."

"Lakini wewe mdhamini."

"Mimi, ndiyo."

Zipora akamwonyesha ukutani. "Basi mtue."

Zaidi akavua kofia yake, akaiweka chini, akanyoosha mikono. Alisukuma mpaka viganja vikachubuka na udongo ukaingia damu. Kivuli chake kilikuwa ukutani kando ya kile cha Matonya, kimelishika sanduku kwa upande mmoja. Alipochoka akashusha mikono. Kivuli chake hakikushusha. Zaidi akakitazama kwa muda, akaokota kofia, akaaga, akarudi Dodoma bila kivuli, maana jua lenyewe lilikuwa linazama na usiku mtu hakihitaji.

Baada ya siku chache alionekana tena njiani, asubuhi, na askari wawili wageni na mwavuli mpya. Serikali mpya ilihitaji mtu anayezijua njia. Watu wakakusanyika.

"Wanataka wapagazi," alisema Zaidi. "Na ng'ombe, kama wamebaki."

"Wanachukua au wanakopa?" aliuliza Sila.

Zaidi alisimama juani, na miguuni pake hapakuwa na kivuli.

"Wanakopa," alisema.

Safari hii hakuna aliyeuliza mdhamini ni nani. Zipora alimletea maji, kwa kuwa maziwa hayakuwepo, naye akayanywa yote. Jioni Zipora akaondoa miti ya zizi. Akaingia ng'ombe, akaingia Matonya, na Zaidi ubavuni pake, wanasaidiana lile sanduku.