Gari Lisilosikika Getini

Mwenye macho haambiwi tazama, ndivyo watu wasemavyo, wala sibishani nao. Lakini Fundi hakuwa na macho. Sukari ilimnyang'anya yote mawili miaka sita iliyopita, na tangu hapo bintiye alikuwa akimnyang'anya vilivyobaki, kwa mapenzi tu, si kwa ubaya. Alianza na jiko, akihofia moto. Ukafuata wembe. Kisha akamkataza kupanda ngazi. Kila mara mzee alinung'unika kidogo, akaachia. Kitu kimoja tu alikigomea katakata, nacho ni kazi ya kufungua geti.

Na hapo nani angemwambia kitu? Alikuwa ametengeneza injini za magari kwa miaka arobaini. Binti akirudi kazini, gari lake kuukuu likikata kona ya duka la dawa, Fundi ameshainuka kitini. Likifika nyumbani, geti liko wazi, naye kasimama pembeni, mgongo umenyooka, akingoja kioo kishushwe atoe hukumu yake ya siku. Plagi ya tatu inakohoa. Mkanda umelegea. Leo umekanyaga klachi kwa hasira, nani kakuudhi huko? Binti alikuwa mpimaji wa maabara hospitalini, kutwa kucha na vichupa vya damu za watu, na hukumu hizo ndizo pekee zilizomchekesha siku nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao. Hawakuwa na nyingine.

Gari lile likaja kufa. Fundi mwenyewe ndiye aliyetangaza msiba: alisikiliza injini dakika mbili, akasema mgonjwa huyu hatibiki, mtafutie sanda. Bahati ikawa hospitali ilikuwa imekubaliana na kampuni moja iwakodishe wafanyakazi magari madogo ya umeme, mkataba wa miaka mitatu. Binti akaona limemfaa: kazini na kurudi, sokoni, dawa za baba, kliniki ya baba. Wakala wa kampuni, kijana wa suti iliyombana, alilisifu gari lake kwa maneno machache, kwamba ukiingia nalo nyumbani hata paka haamki. Binti akatia saini siku hiyohiyo. Magari yote ya nyumba ile yalikuwa yameingia baada ya Fundi kuyasikiliza kwanza, lakini hili hakumpeleka akalisikilize. Alijiambia, kwani lina nini cha kusikilizwa? Baadaye alijuta kuwaza hivyo, na kwa maoni yangu alistahili kujuta.

Siku ya kwanza alimpakia baba wakazunguke. Wamekwenda kitambo, mzee akauliza mbona hawashi gari. Binti akamwambia tumeshavuka shule, Baba. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaweka kiganja juu ya dashibodi, kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo, akakiacha hapo muda mrefu.

Kesho yake jioni binti alifika akakuta geti limefungwa. Akangoja. Akangoja tena. Mwisho akashuka akalifungua mwenyewe, na bawaba zilipolia ndipo baba alipotoka ndani mbiombio, akajikwaa kwenye chungu cha maua, akaita kwa sauti kali, "Nani?" Kwa miaka sita hakuwahi kumuuliza swali hilo. Binti alijibu ni mimi.

Basi wakaanza kuhangaika. Binti akajaribu kupiga honi kutoka konani, lakini jirani wa mbele alikuwa amejifungua mapacha, akaja siku ya tatu kuomba kwa adabu yote kwamba jamani, watoto ndio kwanza wanalala. Akampigia wakala kumuuliza kama gari linaweza kuongezwa sauti. Wakala akasema gari likienda polepole lina mlio wake mdogo, na mkataba unakataza kubadilisha chochote. Mlio ule ulikuwa wa ukoo wa mbu. Fundi aliusikia gari likiwa limeshamfikia kwenye goti.

Binti akajaribu simu. Akifika karibu anapiga, baba anatoka. Hiyo nayo ilidumu wiki moja, na wiki nzima mzee alifungua geti amenuna. Mwishowe akasema mtu akiambiwa gari limefika, basi yeye amesikia nini? Hata bawabu wa hoteli huitwa kwa kengele. Simu yake akaizima.

Toka hapo alianza kutoka nje mapema, saa kumi alasiri, na kigoda chake, akikaa karibu na geti akisikiliza. Binti alimwambia aache, tutaliacha geti wazi tu, kuna tabu gani? Mzee aligeuza uso kana kwamba ametukanwa. Kila kitu kina sauti yake, akasema, hata kifo, sembuse gari. Akamtuma binti kwa wauza kokoto. Zilipoletwa, alizimwaga mwenyewe nje ya geti kwa mikono yake, akizitandaza kwa viganja, magoti chini, shati limelowa jasho. Binti alisimama pale akimwangalia, akatamani kumwambia inatosha, akashindwa.

Na kumbe mzee alijua anachofanya! Siku ya nne geti lilifunguka kabla gari halijasimama. Fundi kasimama pembeni, mgongo umenyooka, anajaribu kuuzuia uso wake usicheke. Kioo kikashuka. "Tairi la nyuma kushoto halina upepo," akasema. Binti alishuka akalipiga teke, na kweli lilikuwa limelegea. Wiki mbili zilizofuata nyumba ilikuwa na furaha. Mzee alikula vizuri, akasimulia habari za gereji yake ya zamani, akawatania hata mapacha wa jirani kwamba mlio wao unahitaji grisi. Laiti mambo yangeishia hapo. Lakini mimi siwezi kuyasimamisha mahali nipendapo.

Mvua zikaanza. Mvua ikipiga mabati, hakuna sikio duniani litakalosikia tairi juu ya kokoto. Siku ya kwanza geti lilikuwa limefungwa, na mzee akasingizia usingizi. Siku ya pili binti alichelewa kutoka kazini, akarudi mvua ikimwagika ndoo kwa ndoo, kioo cha mbele ni maji matupu. Alikuwa akienda polepole kabisa, mtoto angemtangulia kwa miguu. Akakunja kuingia kwenye geti lake.

Fundi alikuwa ametoka nje. Kwa kuwa pale ndani hasikii, alikuwa amefungua geti, akapiga hatua tatu mbele, akapiga magoti katikati ya njia na kuinamisha kichwa karibu na kokoto. Binti alimwona wakati umeshapita. Alimwona vizuri, na hicho ndicho kilichokuja kumtesa: baba alikuwa amempa mgongo, ameelekea upande mwingine wa barabara, mkono nyuma ya sikio, uso umetulia kama wa mtu mwenye uhakika. Kishindo kilikuwa kidogo tu, kama mtu aliyetua gunia.

Nyonga ilivunjika. Walimlaza hospitali ileile ya binti, na damu yake ilishuka maabara ndani ya kichupa chenye jina lake. Mwenzake alitaka kuipima yeye, binti akakataa. Akaipima mwenyewe, mara mbili.

Siku ya tano asubuhi daktari alimwita pembeni akamwambia kwa umri ule na sukari ile, mzee asitarajie kusimama tena peke yake. Mchana wake akaja wakala na fomu ya ajali. Na yeye akamwita pembeni, maana watu wenye habari nzito hupenda pembeni. Kulikuwa na swali moja, kama aliyegongwa alisikia gari likija. Akamwambia dada, mzee akisema hakusikia, kampuni italichukua gari lake na kuufuta mkataba, hakuna adhabu wala maneno. Hawapendi jambo hilo lizungumzwe. Akisema alisikia, basi ni uzembe wake mwenyewe, na mkataba unaendelea mpaka mwisho.

Binti alikuwa amelichukia gari lile kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa. Tangu siku ile alikuwa akija kazini kwa miguu kwenye matope. Alikwenda kuketi kando ya kitanda, wakala akisimama nyuma yake na fomu, akamweleza baba kila kitu, polepole, bila kumficha lolote isipokuwa maneno ya daktari. Neno moja tu, Baba, akasema, na halitaingia tena nyumbani kwetu.

Vidole vya mzee vilikuwa vikikunja pindo la shuka na kulikunjua.

"Kijana, unaandika?" akauliza.

"Naandika, mzee."

"Andika nilisikia. Nililisikia tangu likiwa mbali. Mguu ndio uliochelewa."

Wakala akamtazama binti, kalamu imesimama hewani. Alimtazama kwa huruma, akimpa nafasi. Binti angeweza kusema. Angeweza kusema Baba, niliuona mgongo wako, nilikuona umegeukia kusikokuwa na gari. Lingekuwa neno la kweli, na lingemwondolea gari. Alimwangalia mzee, aliyekuwa ameinua kidevu akisubiri.

"Andika hivyo," akasema. "Alisikia."

Wakala akaandika. Akampa fomu aweke saini, akamrudishia funguo za gari alizokuwa amezichukua kwa ukaguzi, akaaga kwa sauti ya chini. Mkataba ulikuwa umebakiza miaka miwili na miezi kumi.

Walipobaki wawili, mzee alipapasa juu ya blanketi mpaka akaupata mkono wa bintiye, akaushika. Uso wake ulikuwa umelegea, umepata nafuu ambayo dawa hazikuwa zimempa.

"Ila siku ile ulikuja mbio mno," akamwambia. "Nilisikia. Punguza mwendo, mama."

"Ni kweli, Baba," akajibu. "Nilikuja mbio."