Siku Nane za Adolfu

Adolfu alilia ofisini kwangu. Mwanaume mzima, mwenye duka la pembejeo na pikapu yake, alifuta kamasi kwa kofia akisema damu yake inateseka bila baba. Yeye na mama mtoto, Stefania, waliachana binti akiwa anatambaa, na tangu hapo hakuwa amemtia machoni. Tukaandika makubaliano, mahakama ikayasajili: Adela, sasa miaka saba, ataishi na mama yake kule Izia, na kila likizo atakaa siku nane kwa baba yake kule Pito. Nina miaka kumi na moja kwenye ustawi wa jamii, na bado machozi ya wanaume yananidanganya. Aibu yangu.

Siku ya kukabidhiana Adolfu alimtuma kaka yake, Wiliam, eti yeye kabanwa. Nami, mjinga, nikamkabidhi mtoto.

Siku ya tisa Adela hakurudi. Ya kumi nikaenda Pito na Stefania. Adolfu alitoka ndani akichokonoa meno.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko bondeni Mtowisa, kwa kaka, tangu siku ile. Mpunga unaiva, anasaidia kuamia ndege wasiule."

"Umeenda kumwona?"

"Dada, na biashara hizi?" Akacheka. "Si yuko kwetu? Kwani kuna tofauti gani?"

Nilitamani kumtemea mate. Nikamwambia achague: atupeleke Mtowisa sasa hivi, au nirudi na polisi na ile karatasi ya mahakama. Akachukua funguo akinung'unika.

Njia nzima alimhubiria Stefania jinsi wanawake wanavyowatenga watoto na baba zao. Mpaka tunateremka bondeni alikuwa hajamaliza.

Adela alikuwa juu ya kichanja katikati ya mpunga, ameshika kopo lenye mawe. Alipomwona mama yake aliruka chini, akakimbia, akafungua mdomo kuita. Ikatoka mikwaruzo tu. Siku kumi za kupigia ndege kelele tangu alfajiri zilikuwa zimemmaliza sauti, na midomo imepasuka. Stefania alimkumbatia.

Adolfu alizima gari, akashuka, akaja akitabasamu, mikono ameitanua.

Adela alijitoa kifuani kwa mama yake. Akapiga goti kwa adabu, akanong'ona:

"Shikamoo, dereva."

"Marahaba," Adolfu akaitika.