Huyu Mama Anatusaidia

Bwana Tai hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema, maana mkishasikia alichokifanya mbele ya mashine za kufulia mtataka kumzaba kofi, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kukunja mikono ya shati. Alikuwa kijana mpole, asiyepandisha sauti, anayesalimia watu mtaani bila kuchagua. Jina hilo walimpa watoto wa mtaa, kwa sababu tangu apate kazi kwenye ofisi ya bima hakuonekana bila tai shingoni, hata Jumamosi, hata akienda kununua mkaa. Ila alikuwa na siri moja mbaya. Alimwonea aibu mama yake.

Mama yake alikuwa mfua nguo. Alifua kwa mikono kwenye nyumba za watu, mwaka baada ya mwaka, na povu hilohilo ndilo lililomsomesha kijana mpaka chuo. Ofisini walipomuuliza mama anafanya kazi gani, Tai alijibu, "Yuko kwenye mambo ya nguo." Hakusema uongo, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wake. Wenzake wakajijengea duka vichwani mwao, duka lenye vioo na masanamu yaliyovalishwa magauni, naye akawaacha wajenge. Siku moja Mkurugenzi wake alimwambia, "Nitakuja kwa mama yako nichague gauni la harusi yenu." Tai akacheka kicheko cha mtu aliyekanyaga msumari mbele za watu, akasema mama amesafiri.

Wiki tatu kabla ya harusi walikwenda kununua vyombo vya nyumba mpya: yeye, mchumba wake, na mama. Kumleta mama halikuwa wazo la Tai. Mchumba wake alikuwa muuguzi, msichana asiyezunguka maneno, na ndiye aliyekata kauli. "Mimi najua sindano na dripu," alisema. "Friji nazijulia wapi? Mama, twende utuchagulie." Mama akavaa gauni lake la maua lililonyooshwa mpaka mikunjo ikasimama, na viatu vya kufunika ambavyo vilimbana lakini hakusema.

Muuzaji waliyemkuta dukani alikuwa mwembamba, mwenye maneno mengi, na kila sentensi yake iliishia kwenye waranti. Friji ina waranti, pasi ina waranti, nadhani hata tabasamu lake lilikuwa na waranti ya miezi sita. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kipande cha karatasi kwenye mkoba, akakibana kwenye mlango wa friji, akakivuta. Karatasi ikatoka kirahisi.

"Mlango huu haubani, baba. Baridi yote itakwenda sebuleni."

Akajaribu ya pili, ikatoa karatasi vilevile. Ya tatu ikaing'ang'ania karatasi mpaka ikachanika.

"Hii hapa," alisema mama.

"Mama, wewe ni fundi?" akauliza huyo Bwana Waranti.

"Fundi wapi! Nimefungua milango mingi ya watu, ndiyo maana."

Muuguzi akacheka mpaka akaegemea jiko. Wakaenda kwenye blenda, na Waranti akaanza kusifia ile yenye spidi kumi na mbili. "Kumi na mbili!" mama alishangaa. "Hivi nyanya inajua spidi?" Wakachukua yenye mbili. Jiko la gesi mama alilichagua kwa kutikisa vitufe kimoja kimoja, pasi kwa kuipima uzito kiganjani. Tai alitembea nyuma yao akiangalia mlango wa duka. Aliwapenda wote wawili siku ile, nawaambia kweli, na bado aliomba moyoni wamalize haraka.

Zikabaki mashine za kufulia. Muuguzi alikwenda kaunta kuandikisha mahali pa kupeleka mizigo, kwani yeye ndiye aliyejua kuelekeza njia ya nyumba mpya. Mama akainama mbele ya mashine yenye mlango wa mbele, akaingiza mkono mzima, kisha na kichwa, apapase lile pipa la ndani kama lina ncha za kuchana nguo. Alikuwa katika hali hiyo, mgongo nje kichwa ndani, Mkurugenzi alipoingia dukani.

Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, mwenye mwendo wa haraka na manukato yanayomtangulia. "Ehee! Bwana harusi!" alisema. "Kumbe ndiyo unahamia? Na mama wa mambo ya nguo naye amerudi safari?" Halafu akauona ule mgongo wa gauni la maua, na soli za viatu zilizolika upande. "Na huyu?"

Tai alikuwa na nafasi. Neno lilikuwa moja tu, tena fupi. Angesema "mama yangu" mambo yangeishia hapo. Lakini lugha yetu hii ina ukarimu ambao mwoga anaweza kujificha ndani yake, kwani kila mwanamke mtu mzima ni mama, awe amekuzaa au anakuuzia mchicha.

"Huyu mama anatusaidia," alisema Tai.

Ndani ya pipa mkono uliacha kupapasa. Mama akatoa kichwa polepole, akasimama, akanyoosha gauni. Hakumtazama mwanawe. Alimtazama mgeni, akaelewa yote kwa mara moja, kama wanavyoelewa watu waliofanya kazi kwenye nyumba za wengine, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, bosi," alisema.

Mwanamke wa miaka sitini na moja alimwamkia mtu wa umri wa mdogo wake wa mwisho. Na Mkurugenzi, ambaye macho yake yalikuwa kwenye mashine, akaitikia bila kufikiri: "Marahaba, mama." Waranti aliyesimama kando aliacha maneno yake njiani. Tai alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ya duka ilikuwa ya vigae vizuri, haikupasuka.

"Mimi mashine hizi sizitaki tena," Mkurugenzi aliendelea. "Zimenimalizia mashati ya mume wangu. Mama, unafua kwa mkono?"

"Nafua, bosi. Na pasi napiga."

"Alhamisi una nafasi?"

Mama akasita. Sasa alimtazama mwanawe, kidogo tu, akimpa nafasi ya pili. Tai alikuwa anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye mashine, anaisoma kweli, neno kwa neno, kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

"Alhamisi ninayo," alisema mama, akataja namba yake ya simu.

Muuguzi aliporudi, Mkurugenzi alikuwa amekwenda upande wa televisheni. "Tumechukua ipi?" aliuliza. Mama akamwonyesha yenye mlango wa juu. "Hii. Hata ukisahau soksi unaifungua unaitia." Sauti yake ilikuwa ileile. Mizigo ilipopakiwa garini, muuguzi akamwambia mama akae mbele na dereva, mama akakataa, akapanda nyuma kuishika mashine isigongwe. Tai akapanda naye. Magoti yao yaligusana kila gari liliporuka shimo.

"Mama, pale dukani..."

"Pale dukani tumenunua mashine," alisema mama. "Kuna jingine?"

Hakuthubutu kusema kuna jingine. Alijiambia kwamba mama hataenda, kwamba alitoa namba kwa kumfichia aibu tu, na yatapita. Mwoga hujiambia mengi. Alhamisi ikapita, na Ijumaa asubuhi Mkurugenzi akamsimamisha kwenye korido, mbele ya wenzake, akishika kola ya shati la mume wake aliyekuja kumpitishia funguo. "Hebu oneni hii kola! Yule mama yenu ni hazina. Mdomo kama umefungwa zipu, hana maneno, anafanya kazi tu. Ahsante sana kwa kunipa." Wenzake wakaisifu kola. Tai naye akaisifu, maskini, akasema imetakata kweli.

Jioni alikwenda kwa mama. Alimkuta ameketi kitandani anapaka mafuta vidoleni, kwenye nyufa zilizofunguliwa na sabuni.

"Mama, ulikwenda?"

"Alinipigia simu. Ningemwambia siji kwa sababu gani? Angeuliza mimi ni nani."

"Usiende tena. Nakuomba."

"Basi nenda wewe kamwambie," alisema mama, bila ukali. Kisha akafunga kopo la mafuta. "Na jambo jingine. Nimeongea na shangazi yako. Ana gauni zuri, tena anajua kukaa na watu. Siku ya harusi akae yeye pale mbele. Watu wa ofisini kwako watakuwapo, na bosi wako ananijua. Mimi nitakuwa jikoni. Nitawasaidia."

Neno hilo lilimwingia Tai mpaka kwenye mfupa. Mama alilisema kwa upole, na huo upole ndio uliomuua. Alitoka pale hajui anapita wapi. Siku sita nzima aliandaa sentensi, akazibomoa, akaziandaa upya. Harusi bila mama mbele, na mama mwenyewe anasugua masufuria nyuma ya ukuta huku shangazi akipigwa picha: ndicho alichokuwa amekinunua dukani siku ile, na waranti yake ni ya maisha.

Alhamisi iliyofuata Mkurugenzi hakuja kazini, alikuwa na mafua. Tai akachukua faili lenye barua za kutia sahihi, akapiga moyo konde, akaenda nyumbani kwa bosi wake. Mlango wa uani ulikuwa wazi. Mama alikuwa kwenye kigoda karibu na bomba, beseni mbili mbele yake, shuka nyeupe zimejaa kwenye kamba. Mkurugenzi alikaa barazani, amejifunga shali, anakunywa kitu cha moto. Tai alimpita mama yake, akaenda kusimama mbele ya baraza.

"Bosi, nina jambo. Huyu mama... huyu ni mama yangu."

"Ah, hata mimi ni mama yangu sasa," alisema Mkurugenzi, akipenga kamasi. "Nimeshamzoea kabisa. Lete hizo barua."

Mnaona? Mlango aliojifichia ndio uliomfungia nje. Tai akaweka faili chini.

"Hapana, bosi. Ni mama yangu mzazi. Amenizaa yeye. Hana duka, hajawahi kuwa nalo. Mambo ya nguo niliyokuwa nasema ndiyo haya. Siku ile dukani niliona aibu, nikamkana."

Kikombe kilisimama kati ya meza na mdomo. Mkurugenzi alimtazama Tai, akamtazama mwanamke wa kwenye beseni, na uso wake ukabadilika, kwani na yeye alikuwa na lake la kukumbuka. "Lakini aliniamkia shikamoo," alisema polepole. "Mama yako. Na mimi nikaitikia." Akashuka ngazi na shali lake linaburuta, akaenda mpaka kwenye bomba, akainama. "Shikamoo, mama. Nisamehe, sikujua."

"Marahaba. Wewe hukukosa kitu," alijibu mama. "Uliambiwa, ukaamini."

Mkurugenzi akataka kumnyanyua, mama akasema shuka mbili hazijasuuzwa na haachi kazi katikati. Basi yule bosi akarudi ndani kwa aibu yake, akawaachia ua. Tai akachuchumaa kando ya beseni. Maji yakamrukia kwenye tai, hakuyafuta. Moyo wake ulikuwa umepata nafuu, na alitaka mama auone ujasiri wake, ampe japo neno moja.

"Nimemwambia, mama."

"Nimesikia."

"Kwa hiyo utakaa mbele? Siku ya harusi?"

"Nitakaa." Mama alikamua shuka upande wake, akampa mwanawe ncha ya pili, naye akakamua upande wake bila kuambiwa. "Mkwe wangu alikuja juzi kunibembeleza nikae mbele. Alilia, yule mtoto. Anadhani ni mimi ninayeona haya mbele za watu, nikamwachia adhani hivyo."

Tai akaacha kukamua. "Hukumwambia la dukani?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, mama?"

Mama alichukua shuka mikononi mwake, akaitundika kwenye kamba, akainyoosha pembe kwa pembe. Ndipo akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, moja kwa moja machoni.

"Nilitaka aamini anaolewa na mtu," alisema, akarudi kwenye beseni kuchukua shuka ya mwisho.