Somo la Namba Tasa

Kila mwaka darasa la tano lilipofika kwenye namba tasa, Mwalimu Pelagia aliliruka somo hilo. Alifundisha vigawe, akafundisha vigawo, kisha akaingia kwenye sehemu, kana kwamba hapo katikati hapakuwa na kitu. Wasichana wa ile shule ya misheni nje ya Tabora hawakulalamika. Nani analilia somo la hesabu?

Sababu aliijua mwenyewe, na wengi waliijua pia. Alikuwa mke wa Anselm, karani wa stesheni, na ndoa yao ilikuwa imefikia umri ule ambapo watu huacha kumwuliza mwanamke habari za mtoto, na kuanza kuulizana wao kwa wao. Mama mkwe kila alipokuja kutoka Kigwa hakumtukana. Alikaa uani na mwanawe, akazungumza Kinyamwezi taratibu, akijua fika kwamba mkwewe yuko jikoni na anasikia. Imakulata, mdogo wake Anselm, aliishi nao, na mwaka ule alikuwa darasa hilo hilo la tano.

Mwaka ule pia alikuja mwalimu mkuu mpya, Eustace. Aliwapima wasichana wa darasa la sita, waliopita kwa Pelagia mwaka uliotangulia, akaona wote wamekosa swali lile lile. Akamwita Pelagia ofisini. Pelagia aliingia akitegemea kukaripiwa, lakini yule bwana alitazama nje dirishani, akasema kwa upole kwamba kama somo lile lilikuwa na uzito kwake, basi angelifundisha yeye mwenyewe.

Kumbe hata mgeni alikwisha kuambiwa.

"Hapana, mwalimu," alisema. "Nitalifundisha Jumatatu."

Jumatatu aligawa kunde, kila dawati konzi moja, akawaambia wazipange kwa safu zilizo sawa. Kumi na mbili zilikubali kila namna: safu mbili za sita sita, safu tatu za nne nne. Kumi na tano nazo zilikubali. Saba zilikataa. Wasichana walizihamisha huku na huko, na kila mara kunde moja ilibaki pembeni au safu moja ilipungukiwa, mpaka wakaziacha zilale kwenye mstari mmoja mrefu. Pelagia akaeleza kwamba ziko namba za namna hiyo, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Akageuka, akaandika jina la namba hizo ubaoni kwa herufi kubwa.

Nyuma ya darasa mtu alicheka kidogo, akajikatiza.

Angeweza kuendelea tu na mfano mwingine. Badala yake alimwita Imakulata, akamwuliza saba ni namba ya aina gani.

Msichana alisimama, macho yake kwenye kunde. "Ni ile ya mstari mmoja, mwalimu."

"Ina jina."

"Nalijua."

"Litaje."

"Wifi," Imakulata alisema kwa sauti ndogo, amesahau yuko wapi, "sitaki."

"Hapa mimi si wifi yako. Saba ni namba gani?"

"Saba ni namba tasa."

"Sawa. Kaa."

Flavia, binti wa katekista, akanyoosha mkono kuuliza kama moja nayo ni tasa. Pelagia akasema siyo: tasa ina vigawo viwili kamili, na moja inacho kimoja tu. Flavia hakuridhika, wakabishana juu ya hilo mpaka kengele ikalia. Baada ya wasichana kutoka Pelagia alifuta ubao, akaziokota kunde zilizoanguka sakafuni.

Wakati wa mavuno mama mkwe alikuja tena. Safari hii hakwenda uani. Aliketi sebuleni, akapokea shikamoo ya Pelagia, akaeleza bila kuzungukazunguka kwamba kuna binti Kigwa ana mimba ya Anselm, na kwamba Anselm amekwisha kuomba uhamisho kwenda stesheni ya huko. Anselm alikaa akitazama viatu vyake. Mama akamwambia Imakulata afungashe naye, kwa kuwa mtoto angehitaji mlezi.

Imakulata alisema hatakwenda.

"Utabaki na nani hapa?" mama yake akamwuliza.

"Na huyu," alisema, akaenda kusimama karibu na kiti cha Pelagia.

Mama alingoja Anselm amkemee mdogo wake. Anselm aliinama kufunga kamba za viatu vyake. Waliondoka wawili, kwa treni ya asubuhi.

Mtoto alizaliwa, wa kiume, akaitwa Raymundi. Pelagia alizisikia habari hizo mlangoni pa kanisa, kutoka kwa mtu aliyedhani kwamba yeye anazo tayari. Padri hakutaka kusikia neno la kuvunja ndoa, hivyo Pelagia aliendelea kuitwa mke wa Anselm, ingawa Anselm hakurudi wala yeye hakumfuata. Mwanzoni Imakulata alilia mara nyingi kwa ajili ya mama yake. Pelagia alimwacha alie, akampikia.

Miaka michache baadaye msichana alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu. Likizo yake ya kwanza alishukia Tabora, akakaa kwa wifi yake juma zima, wakipukuchua mahindi na kusemana juu ya chumvi kwenye mboga. Kisha akapanda treni kwenda Kigwa kumwona mama yake, na Pelagia akampa shuka la mtoto ampelekee Raymundi.